Karani wa Shilingi 100,600

Alikuwapo karani mmoja katika kibanda cha hesabu. Dirisha la kibanda lilikuwa jembamba, hata mteja aliyeleta hesabu yake ilimbidi aipitishe kipande kimoja kimoja: namba, kisha alama, kisha namba. Karani alipokea kila kipande na kukiweka mezani juu ya vilivyotangulia, kama mtu anayepanga sahani. Alikatazwa kutoa kichwa nje kuangalia foleni. Alichoruhusiwa ni kuchungulia kipande kimoja tu, kile kilichokwisha kufika kizingitini, na kuuliza moyo wake: nikipokee, au kwanza nifunge vilivyopo mezani viwe fungu moja?

Siku ya kwanza akaja bibi mmoja aliyekunywa chai ya shilingi 500 na kula maandazi 3, kila moja shilingi 200. Hesabu yake ilikuwa hivi:

500 + 3 * 200

(Kile kinyota ni alama ya kuzidisha. Kwenye kompyuta hukaa mahali pa × ya daftarini kwako.)

Karani akapokea 500, akaweka. Akapokea alama ya kujumlisha, akaweka. Akapokea 3, akaweka. Kizingitini sasa kikawa kinasubiri kinyota. Karani akatazama meza yake: namba, jumlisha, namba. "Hii imekamilika," akasema, akaifunga. 500 na 3 zikawa 503. Ndipo akapokea kinyota, akapokea 200, akafunga tena.

"Bibi, ni shilingi laki moja na mia sita."

"Kwa chai?"

"Kwa chai na maandazi, bibi."

"Mjukuu wangu, hayo maandazi mliyakaanga kwa dhahabu?"

Mwenye kibanda akamfukuza karani yule, akaajiri mwingine mwenye tabia iliyo kinyume kabisa. Huyu wa pili hakupenda kufunga. Maadamu kizingitini pana kitu, yeye alikipokea tu, akalimbikiza, na foleni ilipokwisha ndipo akaanza kufunga kutoka juu ya rundo kwenda chini. Bibi akarudi na hesabu yake ileile. Karani akalimbikiza vipande vyote vitano, kisha akafunga vya juu: 3 mara 200 ni 600. Halafu vya chini: 500 na 600 ni 1,100. Bibi akalipa, akaondoka ameridhika.

Nyuma yake alisimama jirani yake, aliyekula na kunywa vilevile, ila yeye aliyataja maandazi kwanza: 3 * 200 + 500. Karani akalimbikiza, akafunga vya juu, 200 na 500 zikawa 700, kisha 3 mara 700. "Shilingi 2,100." Na nyuma ya jirani alikuwapo mvuvi mwenye samaki 10, aliyeuza 4 asubuhi na 3 jioni, akaandika 10 - 4 - 3. Karani akatoa 3 kwenye 4, akabaki na 1, akaitoa hiyo 1 kwenye 10, akamtangazia mvuvi kuwa amebakiwa na samaki 9. Mvuvi akakitazama kikapu chake chenye samaki 3, akakitazama kibanda.

Makarani hawa nimewabuni mimi, lakini kazi yao sikuibuni. Ndani ya kila programu inayosoma maandishi yenye kanuni, iwe ni lugha ya kuandikia programu, fomula ya Excel au swali linalotumwa kwenye hifadhidata, kuna karani wa namna hii. Jina lake la kazi ni kichanganuzi. Na ukifika sekondari utaifanya kazi yake wewe mwenyewe katika somo la Kiswahili, mwalimu atakapokwambia uchanganue sentensi kwa njia ya matawi: sentensi juu, chini yake kundi nomino na kundi tenzi, chini yake tena vijitawi, mpaka kila neno likae kwenye tawi lake.

Sasa jaribu kuichanganua hii: *Nimemwona mtoto wa mwalimu mrefu.*

Nani mrefu? Ukilifunga "mtoto wa mwalimu" kwanza, kisha ukaambatisha "mrefu", basi mtoto ndiye mrefu. Ukilifunga "mwalimu mrefu" kwanza, mwalimu ndiye mrefu, na mtoto huenda ni mfupi kama kisiki. Maneno ni yaleyale matano, matawi ni ya namna mbili. Walimu wa lugha huiita sentensi ya aina hii sentensi tata.

Kiswahili hakikosi dawa. Sema "kitabu cha mwalimu kizuri" na "kitabu cha mwalimu mzuri". Hapo hakuna anayeuliza. *Ki-* imekishika kitabu, *m-* imemshika mwalimu. Ngeli zinafanya kazi ya kamba: kila kivumishi kinakuja kimeshafungwa kwa mwenyewe. Utata unarudi pale tu nomino mbili zinapokuwa za ngeli moja, kama mtoto na mwalimu. Laiti namba nazo zingekuwa na ngeli! Tungeandika hesabu ya bibi, na ile 3 ingekuja na kiambishi kinachosema "mimi ni wa 200, si wa 500". Lakini namba hazina ngeli. 3 imekaa katikati, mkono mmoja imeshikwa na alama ya kujumlisha, mkono mwingine imeshikwa na kinyota, na yenyewe haisemi inakwenda na nani.

Hapo ndipo hadithi yetu inavuka bahari, mpaka Murray Hill katika jimbo la New Jersey, Marekani, kwenye maabara za Bell. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi hapo mtu aitwaye Stephen C. Johnson. Johnson alitaka jambo lililoonekana dogo: kuongeza alama moja mpya kwenye lugha ya programu iliyoitwa B. Alama moja tu! Lakini karani wa lugha ile alikuwa amejengwa kwa namna ambayo ukimfundisha neno jipya, yale ya zamani yanamchanganya. Mwenzake, Alfred Aho, akamwelekeza kwenye kazi ya Donald Knuth.

Knuth, mwaka 1965, alikuwa ameonyesha kwamba inawezekana kumjenga karani wa dirisha jembamba asiyebahatisha. Anasoma mara moja tu kutoka kushoto kwenda kulia, harudi nyuma, na kila hatua anatazama jedwali linalomwambia aweke au afunge. Tatizo lilikuwa ukubwa wa jedwali lenyewe, maana kompyuta za siku zile zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno. Mwaka 1969 Frank DeRemer, aliyekuwa akisoma chuo cha MIT, akaonyesha njia ya kulipunguza likatoshea.

Kulikokotoa jedwali la namna hiyo kwa mkono ni adhabu. Kwa hiyo Johnson hakujenga karani. Alijenga kiwanda cha makarani. Wewe unaandika sarufi ya lugha yako, kiwanda kinaisoma, kinakokotoa jedwali, kinakutolea karani aliyekamilika. Kiwanda hicho akakiita Yacc, kifupi cha maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni kama "kingine tena cha aina ileile", kwa sababu viwanda vya namna hiyo vilikuwa vimeshakuwa vingi. Napenda mtu anayejitania hivyo kabla watu hawajamtania.

Sarufi ya hesabu za kibandani kwetu, ukiiandika kwa Yacc, inakuwa hivi:

```
hesabu : hesabu '+' hesabu
       | hesabu '-' hesabu
       | hesabu '*' hesabu
       | hesabu '/' hesabu
       | '(' hesabu ')'
       | NAMBA
       ;
```

Isome kwa sauti, na ule mstari wima usome "au". Hesabu ni hesabu jumlisha hesabu, au hesabu toa hesabu, na kuendelea, au hesabu iliyo ndani ya mabano, au namba peke yake. Ni sarufi fupi, na haina uongo wowote ndani yake. Lakini ukiipeleka kiwandani, Yacc inarudisha taarifa: kuna migongano 16 ya kuweka-au-kufunga.

Kumi na sita! Mtu anayeanza huona taarifa hiyo akadhani ameharibu mashine. Hebu tuihesabu pamoja. Karani yuko katika hali gani anapopata shaka? Ni pale ambapo mezani pana namba, alama, namba, na kizingitini pana alama nyingine. Alama ya mezani inaweza kuwa yoyote kati ya nne. Ya kizingitini vilevile. Nne mara nne ni kumi na sita. Hakuna kosa la kuandika, na mashine haijaharibika. Ni maswali 16 ambayo sarufi yako haikuyajibu. Mezani pana 500 + 3, kizingitini kinyota: nifanyeje? Mezani pana 10 - 4, kizingitini alama ya kutoa: nifanyeje? Ungekuwa umeandika alama mbili tu, maswali yangekuwa manne. Ukiongeza ya tano, yanakuwa 25.

Na Yacc, baada ya kutoa taarifa, haikai kusubiri majibu yako. Inakutolea karani hivyohivyo, na mahali pote penye shaka inamwambia aweke. Yaani inakupa yule karani wa pili, mlimbikizaji. Hesabu ya bibi itatoka sawa, na wewe kijana ukiijaribu hiyo moja tu utashangilia kwamba taarifa ilikuwa kelele za bure. Mvuvi atakuja jioni.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuiandika sarufi upya kwa ngazi: useme kwamba hesabu ni jumla ya mafungu, kila fungu ni zao la vipande, na kipande ni namba au mabano. Hapo utata unakwisha, kwa sababu fungu la kuzidisha haliwezi kuwa na kujumlisha ndani yake pasipo mabano. Ni njia safi, na vitabu vingi huanza nayo. Ila ina uchovu wake. Namba moja tu, 7, ikifika dirishani, karani inambidi aifunge iwe kipande, akifunge kipande kiwe fungu, alifunge fungu liwe hesabu. Lugha yenye ngazi 15 ina safari ndefu kwa kila namba. Mwaka 1975 Aho, Johnson na Jeffrey Ullman waliandika makala wakieleza kwamba si dhambi kuiacha sarufi ikiwa tata, mradi majibu ya maswali yake uyaandike pembeni. Karani anayetokana na njia hiyo huwa mdogo na mwepesi zaidi. (Miaka mingi baadaye Aho na Ullman walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2020, ambayo kwa watu wa kompyuta ni kama Nobel.)

Hiyo ndiyo dawa ya pili, na watoto wa Tanzania mmeshaimeza darasani. MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kwa Yacc inaandikwa hivi:

```
%left '+' '-'
%left '*' '/'
```

Hili ni jedwali la nguvu: mstari wa chini una nguvu kuliko wa juu. Sasa karani ana kitu cha kupimia. Anatazama alama iliyo ndani ya fungu la mezani, kisha anatazama alama iliyo kizingitini, anazipambanisha. La mezani likiwa na nguvu zaidi, anafunga. Ya kizingitini ikiwa na nguvu zaidi, anaiweka. Rudisha bibi: mezani 500 + 3, kizingitini kinyota. Kinyota kina nguvu, kinawekwa, 200 inaifuata, 600, kisha 1,100. Rudisha jirani yake: mezani 3 * 200, kizingitini jumlisha. La mezani lina nguvu, linafungwa kwanza, 600, kisha 1,100. Bibi na jirani wamelipa sawa, na hakuna aliyetukanwa.

Je, nguvu zikilingana? Hapo ndipo neno `left` linapoingia, yaani kushoto. Linasema: mkilingana, wa kushoto mbele, karani afunge. Mezani 10 - 4, kizingitini alama ya kutoa ileile: anafunga, anapata 6, kisha anatoa 3. Mvuvi ana samaki 3, kama kikapu kinavyosema.

Lakini hebu hesabu mistari. MAGAZIJUTO ina hatua tano. Jedwali letu lina mistari miwili. Mengine yameenda wapi?

Mabano hayahitaji mstari, kwa sababu hayana ubishi. Karani akiona mabano ya kufunga yamefika kizingitini, na mezani pana hesabu, hana njia nyingine isipokuwa kufunga. Swali halizuki, kwa hiyo jibu halitakiwi. Hayo ni rahisi. Yaliyobaki ndiyo yenye mtego, na mtego huu umewanasa wanafunzi wengi kuliko wanavyokiri. Kifupisho chetu kinaitamka *ju* kabla ya *to*, na mtoto mwaminifu anaelewa kwamba kujumlisha kunatangulia kutoa. Mpe 10 - 4 + 3. Atajumlisha 4 na 3 apate 7, atatoa, atajibu 3. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa rika moja, hakuna mkubwa. Wanakwenda kwa foleni, wa kushoto kwanza. Ndiyo maana Yacc inawaweka mstari mmoja. Kifupisho hakina kosa la kukusudia: mdomo hauwezi kutamka silabi mbili kwa pamoja, ikabidi moja itangulie. Mstari wa jedwali unaweza.

Sasa tuongeze alama ya kipeo, ile ^ ya kusema 2^3 ni 8. Inakaa chini kabisa ya jedwali, maana ina nguvu kuliko zote, na yenyewe inaandikwa `%right`, wa kulia mbele. Kwa hiyo 2^3^2 karani anaisoma kuanzia kulia: 3^2 ni 9, na 2^9 ni 512. Angeisoma kutoka kushoto angepata 8^2, yaani 64. Kwa nini wanahesabu walipenda kulia? Kwa sababu ile ya kushoto tayari ina njia fupi: kipeo juu ya kipeo ni kuzizidisha tu, 2^6. Ya kulia haina njia ya mkato, kwa hiyo ndiyo iliyopewa mwandiko usio na mabano.

Kuna na neno la tatu, `%nonassoc`, la alama zisizotaka kuandamana. 3 < 5 < 7: ukiipa alama ya "ndogo kuliko" neno hilo, karani akikuta mbili zimefuatana haweki wala hafungi. Anakataa, anakwambia hajaelewa. Kwa maoni yangu maneno mawili ya kwanza yanatumika kupita kiasi na hili la tatu linatumika kidogo mno.

Halafu kuna alama yenye kazi mbili. Mnalijua neno "kaa": kaa wa baharini, kaa la moto, na kaa chini ule. Alama ya kutoa nayo ni hivyo. Katika 10 - 4 inatoa. Katika -4 haitoi kitu, inasema tu kwamba namba ni hasi. Jedwali linajua alama moja na nguvu moja, kwa hiyo Yacc inakuruhusu kusema, kwenye kanuni ya hasi, "hapa usitumie nguvu ya kawaida ya alama hii, tumia hii nyingine":

```
       | '-' hesabu %prec HASI
```

kisha HASI unaipa mstari wake popote unapotaka. Na popote hapo ndipo penye mambo. Ukiiweka HASI chini ya kipeo, ikawa na nguvu zaidi, -2^2 inakuwa hasi mbili mara hasi mbili, yaani 4. Ukiiweka juu ya kipeo, kipeo kinatangulia na jibu ni -4. Mkipata kompyuta, andikeni =-2^2 kwenye Excel. Itawapa 4. Andikeni `-2**2` kwenye Python, ambayo kipeo chake ni vinyota viwili. Itawapa -4. Daftari lako la hisabati liko upande wa Python. Lakini Excel haijakosea kuhesabu. Karani wake anafuata jedwali alilopewa, na aliyelipanga jedwali hilo alilipanga hivyo.

Si kila mgongano ni wa hesabu. Sikiliza agizo la mama anayetoka kwenda sokoni:

"Kama umemaliza kufua, kama hakuna mvua, anika nguo, la sivyo kaa usome."

Kuna "kama" mbili na "la sivyo" moja. Hiyo "la sivyo" ni ya nani? Ikiwa ni ya mvua, basi asiyemaliza kufua hajaambiwa lolote, na mtoto mjanja atakwenda kucheza akiwa na ushahidi wa kisarufi. Ikiwa ni ya kufua, asiyemaliza ndiye anayeketi kusoma, na yule aliyemaliza wakati mvua inanyesha ndiye huru. Kwa karani, mezani pana "kama" nzima iliyokamilika, na kizingitini pana "la sivyo". Aifunge, au aiweke? Yacc, kama tulivyoona, huweka, na kwa kuweka "la sivyo" inakwenda kwa "kama" iliyo karibu nayo. Safari hii kulimbikiza kunatoa jibu ambalo lugha nyingi zimelikubali, C ikiwa mojawapo. Lugha nyingine zimekataa kabisa kuacha swali lizuke. Go inalazimisha mabano ya mawimbi kila mara. ALGOL 68 ilikuwa na njia inayonichekesha: sharti linafunguliwa kwa neno `if`, na linafungwa kwa neno hilohilo limeandikwa kinyumenyume, `fi`. Steve Bourne, alipoandika programu ya kupokea amri za Unix, aliichukua desturi hiyo, na mpaka leo watu wanaandika `fi` kila siku. Kwa `do` alishindwa kuandika `od`, kwa kuwa Unix ilikuwa tayari na programu yenye jina hilo. Akaandika `done`.

Mgongano wa aina ya pili ni mbaya zaidi, nao ni wa kufunga-au-kufunga. Karani ana jina mezani, na kanuni moja inasema "jina ni mteja", nyingine inasema "jina ni muuzaji". Kufunga lazima afunge, lakini afunge kwa lebo ipi? Yacc itachagua kanuni iliyoandikwa juu zaidi kwenye faili lako. Fikiria hilo: mtu anakuwa mteja kwa sababu tu mstari wa wateja uliandikwa mapema. Hapa usitafute jedwali la nguvu. Rudi kwenye sarufi, uirekebishe.

Na hata jedwali lenyewe lina hatari yake. Mgongano uliotatuliwa kwa jedwali hauhesabiwi tena kwenye taarifa. Yacc inanyamaza. Johnson mwenyewe aliwaonya watumiaji wake wasiimwage mistari hiyo ovyo, kwa kuwa inaweza kulifunika kosa halisi la sarufi likabaki humo bila sauti.

Ukitaka kuona jibu la haraka linavyozeeka, mtazame Dennis Ritchie, jirani yake Johnson palepale Bell. Katika lugha ya B alama & ilifanya kazi mbili: kuunganisha masharti, kama "mvua hainyeshi *na* kazi imekwisha", na kuchuja namba biti kwa biti. Kwa ajili ya kazi ya kwanza iliwekwa kwenye ngazi dhaifu kuliko ya alama ya usawa ==, ili kila sharti lifungwe peke yake kabla ya kuunganishwa. Lugha ya C ilipozaliwa mikononi mwake, kazi ya kuunganisha ikapewa alama yake, &&. Ile & ikabaki na kuchuja tu, na sasa ilistahili ngazi yenye nguvu kuliko ya ==. Lakini programu zilikuwa zimeshaandikwa. Kuihamisha kungezibadilisha maana kimyakimya. Ikaachwa ilipo. Ukiandika a & b == c, karani wa C anaifunga b == c kwanza, jambo ambalo karibu hakuna anayelitaka. Mwaka 1993, akieleza historia ya lugha yake, Ritchie alikiri kwamba ingekuwa afadhali kuihamisha. Java, JavaScript na PHP ziliurithi mpangilio uleule. Python na Go zimeihamisha.

Yacc yenyewe sasa ni mzee, lakini ina mrithi. Yacc hutamkwa kama jina la yule ng'ombe wa manyoya marefu wa Tibet, kwa hiyo mrithi akaitwa Bison, ng'ombe mwitu wa Marekani. Bison yumo katika jamii ya programu huru iitwayo GNU, na hilo ni jina la Kiingereza la nyumbu, nyumbu haohao wa Serengeti, ambaye kichwa chake kiko kwenye nembo. Zizi zima! Hifadhidata ya PostgreSQL bado inatumia Bison kusoma maswali yake, na katika sarufi yake ndefu wameandika `%expect 0`: ukizuka hata mgongano mmoja, kazi isimame.

Kwa miaka mingi, aliyepata mgongano ilimbidi afungue faili refu la hali za karani, ukurasa kwa ukurasa, akisaka ni hesabu gani hasa inayomkwamisha. Mwaka 2015 Chinawat Isradisaikul na Andrew Myers wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha namna ya kuifanya mashine itafute mfano huo yenyewe, na tangu toleo la 3.7 la mwaka 2020 Bison inaweza kufanya hivyo. Ukiipa sarufi yetu bila jedwali, inakuandikia hesabu fupi yenye utata, na chini yake inachora matawi mara mbili: hivi ndivyo itakavyokuwa karani akiweka, na hivi ndivyo itakavyokuwa akifunga. Katikati ya hesabu, kati ya namba na kinyota, inatia kitone cheusi. Hapo ndipo karani aliposimama, vipande vitatu mezani, kimoja kizingitini, akisubiri umwambie.